Nyinginezo, 35,000/=

Simu iliingia saa tano asubuhi, kaunta imejaa. Sauti ya kiume, tulivu, utulivu ule wa mtu aliyekwisha kasirika akajizuia.

"Dada, habari za kazi. Mimi ni mtoto wa yule mama wa kule Maji ya Chai aliyekuja kwenu jana kung'oa jino. Amenitumia picha ya karatasi yenu. Nina swali moja tu. Hii Nyinginezo ni nini?"

Nikaifungua ankara kwenye kompyuta. Mistari minne. Kumwona daktari, 15,000/=. Picha, 20,000/=. Kung'oa jino, 50,000/=. Nyinginezo, 35,000/=. Jumla 120,000/=. Nilikuwa nimeichapa mwenyewe, na sikuwa na la kumjibu.

"Kaka, nipe dakika tano nitakupigia."

Nikaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha matibabu mpaka daktari alipovua glovu. Nyinginezo? Akakuna kichwa, kisha akakumbuka. Jino la yule mama lilikuwa limeoza hadi usawa wa ufizi. Koleo lilipolishika, sehemu ya juu ikasagika yote kama kigae. Ikabidi achane ufizi, apunguze mfupa kidogo, atenganishe mizizi miwili na kuitoa mmoja mmoja, halafu ashone nyuzi tatu. Ganzi iliongezwa mara mbili. Kazi ya robo saa ikachukua dakika hamsini.

Kwa maneno mengine, ile Nyinginezo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tulichokiandika vizuri ni kile kilichokuwa rahisi. Kilichomtoa daktari jasho tukakifunika kwa neno ambalo, kwa mtu anayelipa, lina harufu ya wizi.

Nikampigia yule kijana, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mama hakuniambia kama alishonwa." Halafu, bila ukali, "Sasa si mngeandika hivyo hivyo?"

Mama yule alikuwa Maji ya Chai na barafu shavuni. Kijana alikuwa Mwanza, na ndiye aliyetuma hela. Kati yao kulikuwa na karatasi moja tu, na karatasi ile niliitoa mimi.

Nina miaka tisa kwenye kaunta ya kliniki hii ya meno hapa Arusha. Ni kliniki ndogo, viti viwili, ghorofa ya kwanza, mtaa ambao asubuhi unasikia makonda wa Hiace wakiita Sakina na Usa River kana kwamba abiria wote ni viziwi. Nilisomea uhasibu, na chuoni nilifundishwa kwamba ankara ni hati inayodai fedha. Hilo ni kweli, lakini halijanisaidia sana. Nilichojifunza kazini ni kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti karibu hasomi ankara kabisa. Anatoka mdomo umekufa ganzi upande mmoja, mate hayazuiliki, anataka kwenda nyumbani. Anayeisoma ni mwingine: mtoto aliye mbali, mume, mwajiri, kampuni ya bima, mweka hazina wa kamati. Mtu ambaye hakuwepo. Tangu siku ile ya Nyinginezo, kila mstari ninaouandika namwandikia yeye.

(Neno lenyewe lina vituko vyake. Mtaani kwetu ankara ni ya maji. Ya hospitali watu wanaiita bili. Na ukivuka Namanga ukamwambia mtu wa Nairobi "nakuletea ankara", atafurahi, maana kwake ni kitenge.)

Nianze na vifupisho, maana ndivyo vilivyotutesa kwa muda mrefu. Daktari anaandika kwa haraka, kama madaktari wote, na mwanzoni mimi nilikuwa nanakili alichoandika. Ankara ikawa inasomeka hivi: LA 2, PA 1, Comp 36. Kwa daktari hiyo ni sentensi kamili. LA ni sindano ya ganzi. PA ni picha ndogo ya mionzi inayoonyesha jino moja mpaka ncha ya mzizi. Comp ni ziba ya rangi ya jino.

Bibi mmoja wa Sanawari akaisoma kwa sauti pale kaunta, miwani imeshikwa kwa mkono. "La, mbili," akasema. "Mwanangu, mmeanza kwa kukataa, tena mara mbili." Tukacheka wote. Aliyefuata hakucheka. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Ngarenaro, mzee wa kalamu mbili mfukoni, na kidole chake kiligota kwenye Comp 60,000/=.

"Binti, mimi nimekuja kuziba jino. Kwa nini mnanitoza kompyuta?"

Nikadhani anatania. Kumbe hatanii. Alikuwa ameiona kompyuta juu ya meza yangu, ameliona neno, amejumlisha mawili na mawili kama mwalimu wa hesabu anavyojumlisha. Ilinichukua muda kumwelewesha, na hata alipolipa niliona bado hajaamini sana. Jioni ile nikakaa na daktari, tukaandika upya orodha yetu yote ya huduma. Tulitumia jioni tatu, na tukabishana zaidi kuliko nilivyotegemea. Yeye alitaka maneno yasiyompotosha daktari mwingine atakayeiona ile karatasi. Mimi nilitaka maneno ambayo bibi wa Sanawari atayasoma bila kuuliza. Tukakubaliana kuandika kwanza maneno ya watu, kisha kifupisho au namba mwishoni kwa ajili ya wataalamu. Leo mstari ule wa mwalimu ungesomeka: "Kuziba gego la kwanza la chini, kushoto kwako, kwa dawa ya rangi ya jino (36)."

"Kushoto kwako." Neno hilo dogo lina historia yake, tena ya kuaibisha.

Madaktari wa meno sehemu kubwa ya dunia wanahesabu meno kwa tarakimu mbili. Mdomo umegawanywa robo nne: ya kwanza juu kulia kwa mgonjwa, ya pili juu kushoto, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Ndani ya kila robo unahesabu kuanzia katikati ya mdomo kwenda nyuma, moja hadi nane. Kwa hiyo 36 haisomwi thelathini na sita. Inasomwa tatu-sita, robo ya tatu, jino la sita, gego la kwanza la chini kushoto. Meno ya utotoni yana robo zake, ya tano hadi ya nane, na kila robo ina meno matano. Ukishaelewa, ni mfumo mzuri sana. Tatizo ni kwamba ukisimama mbele ya mgonjwa, kushoto kwake ni kulia kwako.

Dereva mmoja wa magari ya watalii alikuja kung'olewa tatu-sita. Jino lililong'olewa lilikuwa lenyewe, namshukuru Mungu. Ila kwenye karatasi tuliandika 46, la upande wa pili. Hakuna aliyegundua. Bima ikalipa, maisha yakaendelea. Baada ya miezi minne akarudi kuzibwa 46, safari hii 46 ya kweli. Dai likapelekwa, likarudi: jino hili kwa mujibu wa kumbukumbu lilishang'olewa. Walikuwa sahihi kabisa. Kwa karatasi zetu sisi wenyewe, tulikuwa tunaomba malipo ya kuziba shimo lisilo na jino. Tukalazimika kumwita dereva wa watu kutoka safarini apigwe picha upya, daktari akaandika barua ya maelezo, na malipo yakaja baada ya miezi miwili. Dereva alikuwa muungwana. Alisema tu, "Dada, mimi nikikosea kushoto na kulia huko porini, tunalala njiani."

Siku hizi nasoma namba na maneno kwa pamoja, na mgonjwa akiweza kuonyesha kwa kidole, namwomba anionyeshe. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Sijali.

Halafu kuna Wamarekani. Arusha ni mji wa wageni, na mlima haujali meno ya mtu. Alikuja kijana aliyeteremka Kilimanjaro na jino limemeguka. Alikuwa ametafuna chokoleti iliyoganda kwa baridi. Tukamziba, akalipa, akaondoka na ankara yetu ili akadai kwa bima yake kwao Chicago. Baada ya wiki kadhaa akaandika barua pepe: bima imekataa, inasema picha haifanani na jino lililotajwa. Tulikuwa tumeandika 14. Kwetu sisi 14 ni jino la nne juu kulia, dogo lile lililo nyuma ya chonge. Kumbe Marekani wana hesabu yao: wanaanza na gego la mwisho la juu kulia kama namba 1, wanazunguka hadi 32. Kwa hesabu hiyo, 14 ni gego la kwanza la juu kushoto. Namba ni ileile, jino lingine kabisa, upande mwingine kabisa. Tungeandika 46 wangeshtuka mara moja, maana kwao haipo. 14 ikapita kimyakimya kwa sababu ipo pande zote mbili.

Na tarehe pia. Tuliandika 03/04. Sisi tulimaanisha tarehe tatu Aprili. Wao wakasoma Machi nne, siku ambayo kijana alikuwa hata hajapanda ndege. Tangu hapo mwezi nauandika kwa herufi, kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji.

Sasa nije kwenye lililoniuma zaidi, ambalo halikuwa la bima wala la wageni.

Ukizaliwa upande huu wa mlima Meru unajua habari ya meno ya kahawia. Maji ya chemchemi na visima vingi hapa yanapita kwenye miamba ya volkano na yanabeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya ukanda huu vinapita hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, gamba la jino lenyewe linaharibika kabla hata halijachomoza, na rangi inakaa humo humo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na wenye uwezo wananunua maji ya chupa. Lakini waliokwisha kukua wamekua. Ukienda Dar, ukicheka tu, mtu anakuuliza, "Wewe wa Arusha eeh?" Nimeulizwa mimi mwenyewe. Nilijifunza kucheka mdomo umefungwa hadi nilipofika umri wa kutojali.

Binti mmoja wa Usa River alikuwa na sendoff baada ya wiki tatu. Akaja na shangazi yake, akaulizia kusafisha meno. Daktari akamweleza, nilisikia kwa masikio yangu, kwamba kusafisha kunaondoa ugaga na madoa ya chai, hakuondoi rangi ya floraidi. Kwa rangi hiyo kuna njia nyingine, za gharama nyingine. Binti akatikisa kichwa kukubali. Mtu aliye kwenye kiti cha daktari wa meno anakubali kila kitu. Tukamsafisha. Ankara ikasema: Kusafisha meno, 60,000/=.

Wiki mbili baada ya sherehe akaja baba yake mdogo, mweka hazina wa kamati. Mwenye uzoefu wa kamati za sendoff za huku kwetu anajua mweka hazina ni mtu wa namna gani. Alikuwa na daftari la kaunta, limepigwa mistari kwa rula, na risiti zimebandikwa kwa gundi. Akaniwekea mbele ankara yetu, na pembeni yake simu yenye picha ya bibi harusi mtarajiwa akicheka mbele ya keki.

"Kamati ilitoa elfu sitini za kusafisha meno. Niambie, haya yamesafika?"

Meno kwenye picha yalikuwa masafi kabisa. Yalikuwa pia ya kahawia, vilevile kama yalivyokuja.

Nilichokiona siku ile ni kwamba kosa lilikaa ndani ya neno. Kwetu kusafisha kitu ni kukirudisha kwenye weupe wake. Ukisafisha shati likabaki na rangi ya udongo, hujasafisha. Baba mdogo alisoma Kiswahili kama kinavyosemwa, na kwa Kiswahili hicho tulikuwa tumemdanganya. Maelezo ya daktari yalibaki chumbani. Kilichofika kwenye kamati ni maneno mawili na bei. Na binti, nadhani, aliona haya kuwaambia watu waliochanga kwamba alijua tangu mwanzo rangi haitatoka.

Hatukurudisha fedha, maana kazi ilifanyika, na baba mdogo mwenyewe alipoelezwa alielewa. Lakini aliondoka bila kuaga vizuri, na mimi sikumlaumu. Sasa mstari huo unasema: "Kukwangua ugaga na kusugua meno yote. Haibadilishi rangi ya asili wala rangi ya floraidi." Daktari alisema ni aibu kuandika kwenye ankara jambo ambalo huduma haifanyi, duka gani linafanya hivyo. Nikamwambia duka haliwauzii watu wenye ganzi mdomoni.

Kutoka hapo ndipo tukaanza kutoa makadirio kwa karatasi kwa kila kazi inayozidi ziara moja. Zamani tulikuwa tunataja bei kwa mdomo. Makadirio yanatoka kabla ya sindano, siyo baada, na mgonjwa anakwenda nayo nyumbani akitaka. Wengine hawarudi. Mwanzoni hilo lilimtia daktari wasiwasi, lakini hao wasiorudi ndio wale wale ambao wangekwama katikati ya tiba na deni.

Tiba ya mzizi ndiyo inayokwamisha watu. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili lakini ndani yake mna mifereji mitatu, mara nyingine minne, na kila mmoja lazima usafishwe na kuzibwa. Siku ya kwanza daktari anafungua jino, anatoa mshipa, anaweka ziba ya muda. Maumivu yanaisha. Na hapo ndipo mgonjwa anapotea! Kwake yeye jino limepona. Alilipa, haumwi, arudi kufanya nini? Baada ya miezi minane ziba ya muda imevunjika, jino limepasuka, anakuja na karatasi yetu mkononi: "Nililipa tiba ya mzizi, hii hapa."

Na kweli ilikuwa imeandikwa Tiba ya mzizi, basi.

Siku hizi inaandikwa hivi: "Tiba ya mzizi, gego la kwanza la chini kushoto kwako (36), ziara ya 1 kati ya 3. Jino limezibwa kwa muda tu. Tiba haijakamilika." Chini yake bei nzima ya tiba, kiasi kilicholipwa leo, na salio. Nasikia wenzangu wa kliniki nyingine wakisema ankara si mahali pa kutoa ushauri wa daktari. Labda. Lakini ndiyo karatasi pekee ambayo mgonjwa haitupi, kwa sababu ina hela ndani yake. Kadi ya miadi inaishia kwenye mfuko wa suruali iliyofuliwa.

Punguzo nalo. Huku kwetu bei bila punguzo ni kama salamu bila kujibiwa, na daktari wetu ana moyo mwepesi. Anachungulia mlangoni: "Mpunguzie mama." Zamani nilikuwa napunguza palepale kwenye bei, kung'oa inakuwa 35,000/= badala ya 50,000/=. Wiki inayofuata anakuja dada yake mama, na jirani yake, na muumini mwenzake, wote wanajua kwamba kung'oa pale ni 35,000/=, karatasi wameiona. Sasa bei inaandikwa kamili, na punguzo linakaa kwenye mstari wake, na jina la aliyeliruhusu. Mama anajua amehurumiwa kiasi gani. Jirani naye anajua bei ni ipi.

Mambo ya kodi nitayapitia haraka, maana TRA wana maelezo yao na mimi si mshauri wa mtu. Wagonjwa wanaofanya biashara wanauliza VAT iko wapi. Tiba ya meno imo kwenye huduma zilizosamehewa VAT chini ya Sheria ya mwaka 2014, ndiyo maana huoni asilimia 18 kwenye mstari wa jino. Mswaki ninaokuuzia hapa kaunta si tiba, kwa hiyo usishangae ukiuona peke yake. Ankara si risiti. Ankara inasema unadaiwa nini, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inasema umelipa, na ile "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" kila mtu anaijua. Ila ile karatasi ya EFD inafifia. Iache kwenye dashibodi ya gari la Arusha miezi miwili utabaki na kipande cheupe. Ipige picha siku hiyohiyo. Ukilipa kwa simu, andika jina la mgonjwa kwenye kumbukumbu, siyo la mwenye laini. Siku moja nilitafuta malipo ya mtoto wa miaka sita mchana mzima, kumbe yameingia kwa jina la fundi pikipiki aliyeombwa kutuma.

Kwa wenye bima, kuna safu mbili mwishoni: bima inalipa kiasi hiki, wewe unalipa kiasi hiki. Fomu ya madai mgonjwa anaisaini baada ya mistari yote kujazwa, akiwa ameisoma. Tulikuwa na mazoea ya kusainisha watu mapokezini, fomu ikiwa tupu, ili kuokoa muda. Sikuona ubaya wake mpaka siku niliyopelekewa mimi fomu tupu kwenye hospitali nyingine nikiwa na mwanangu, nikashika kalamu, nikajiona nasita.

Jambo moja zaidi, na hili sikubali mjadala. Mwajiri anayelipa anapewa karatasi fupi: jina, tarehe, huduma ya meno, kiasi. Karatasi ndefu ni ya mgonjwa. Ofisi moja iliwahi kutudai maelezo yote, pamoja na historia ya magonjwa ambayo mgonjwa alimweleza daktari kabla ya kuchomwa ganzi, kama presha, sukari, dawa anazotumia. Nikakataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini hata kabla ya sheria hiyo, mtu anapofungua mdomo mbele ya daktari hafungui kwa ajili ya afisa utumishi.

Mwalimu wa Ngarenaro alirudi mwaka huu. Jino jirani la lile la "kompyuta", tiba ya mzizi, ziara tatu. Ijumaa alipomaliza alikuja kaunta, akavaa miwani, akatoa kalamu moja mfukoni. Nikampa ankara. Hakuipokea kama watu wanavyopokea, ya kukunja na kutia mfukoni. Aliiweka juu ya kaunta na kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa sauti ileile ya darasani, ingawa nusu ya mdomo ilikuwa bado imelala. Waliokuwa kwenye benchi wakaacha simu zao.

"Gego la pili la chini, kushoto kwako. Tatu-saba." Akagusa shavu lake. "Sawa. Kusafisha na kuziba mifereji mitatu. Sawa. Punguzo, ameruhusu daktari. Ahsante. Ziara ya pili kati ya tatu."

Akanyamaza. Akanitazama juu ya miwani.

"Binti. Leo ni ya ngapi?"

Nikaangalia faili lake. Ilikuwa ya tatu. Nilikuwa nimenakili mstari wa wiki iliyopita bila kubadilisha namba, na chini yake bado kulikuwa na maneno "Tiba haijakamilika" na salio la wiki iliyopita.

"Samahani sana, mwalimu."

"Usinipe samahani, nipe nyingine."

Nikachapa nyingine. Akaisoma yote tena tangu mwanzo, akaweka alama ya vema kwa wino mwekundu pembeni ya kila mstari, akalipa.